Unataka kununua kamera Mombasa? Soma kwanza rivyu zipi za kuamini na zipi za kupita tu

Mpwa wangu wa Kisauni kanitumia skrinshoti saa tano usiku, kamera mbili zimepangwa ubavu kwa ubavu, moja imepewa 84 nyengine 77, chini kaandika "mjomba nishapata, hii ya 84 ndo kiboko". Nikamuuliza hizo 84 ni za nini. Kimya. Asubuhi ndo akajibu, "za ubora".

Sasa nikaona heri niandike mara moja niwe natuma linki tu, manake kila mwezi kuna mtu ananiuliza hivo hivo, na mimi mwenyewe pointi hizo hizo zishanila. Miaka kadhaa nyuma nilinunua kamera kwa kuangalia saiti moja ya kulinganisha, jina siweki, kamera yangu ilikuwa mbele kwa pointi sita. Siku ya nikahi huko Majengo nimefika na maiki yangu ya kubana kwenye kanzu, natafuta tundu la kuchomeka, nageuza kamera hivi nageuza vile, hakuna tundu. Sheikh ashaanza khutba. Ikabidi nimpe bwana harusi simu aiweke mfukoni irekodi sauti, halafu usiku kucha niko nalinganisha midomo na maneno. Niliporudi kuangalia ile saiti, mstari wa "maikrofoni" umewekwa tiki ya kijani, kumbe walihesabu maiki ya ndani ya kamera! Hawakudanganya ati. Mimi ndo sikujua swali lao lilikuwa gani.

Kwa hivyo hapa sipangi kamera, napanga vyanzo, kuanzia mkiani kwenda juu, na kipimo changu ni maswali mawili tu: huyu mtu kaishika hii kamera muda gani, na pesa yake inaingia saa ngapi.

Mkiani: orodha za "kamera kumi bora za mwaka"

Nyingi aloziandika hajashika kamera hata moja. Kachukua maelezo ya kiwandani kayageuza geuza basi. Utamjua kwa picha, ukiona picha zote za kamera ni zile za kampuni zenye bakgraundi nyeupe, hakuna hata moja ilopigwa mezani kwake na kivuli chake na vumbi lake, na hakuna picha ilotoka kwenye kamera yenyewe, funga ukurasa uokoe bando. Dalili nyengine ni kuwa hakuna kamera mbaya, kumi zote ni nzuri, na kasoro wanazotaja ni za kuchekesha, eti "rangi ni moja tu".

Halafu zile linki za "angalia bei". Ukibofya ukanunua, mwenye saiti anakatiwa kamisheni, kwa Amazon hesabu yake ni masaa 24 tangu ubofye. Biashara halali, wala simlaumu mtu kwa kula jasho lake, na kule Marekani tume yao ya biashara, FTC, inataka mtu aseme wazi kama analipwa, 2024 wakatoa na kanuni ya kupiga marufuku rivyu feki za kununuliwa. Lakini fikiria hivi, akikwambia nunua hii anapata, akikwambia nunua ile anapata, akikwambia kaa na hiyo ulonayo hapati kitu. Ushawahi kuona orodha inayokwambia kaa na ulonayo?

Juu yake kidogo: saiti za kulinganisha kwa jedwali na pointi

Hizi ni mashine. Inachukua speki, yaani maelezo ya kiufundi, za kamera mbili, inahesabu nani ana kubwa, inatoa namba. Megapikseli 24 inaishinda 20, hata kama hiyo ya 20 inakupa picha safi zaidi ukumbini. Mfano mzuri ni Canon EOS M50 ya 2018. Kwenye jedwali ina video ya 4K, tiki, na ina otofokasi ya Dual Pixel, yaani kamera kujitafutia fokasi yenyewe, tiki. Viwili hivyo havifanyi kazi pamoja! Ukiwasha 4K, Dual Pixel inazimika na picha inakatwa inakuwa kama umevuta zumu, kwa hivyo ile lenzi yako ya kupiga chumba kizima haitoshi tena. Kwa video ya 1080, ile ndogo kuliko 4K, iko sawa kabisa, na watu wameitumia wamefurahi, ila jedwali haliwezi kukwambia neno "lakini".

Kazi yake ni moja: kuhakikisha vitu vya ndio na la. Uzito, aina ya betri, memori kadi ngapi. Tundu la maiki hakikisha kwa kuangalia picha ya ubavu wa kamera kwa macho yako, mimi nishafunzwa.

Nyota za wateja madukani mtandaoni

Za nyota tano ruka zote, nusu yake ni "imefika mapema, asante". Soma za nyota tatu na mbili, na tafuta alorudi kuandika baada ya miezi. Angalia pia kama maoni yanazungumzia kitu chenyewe, manake kuna ujanja wa kuchukua ukurasa wa bidhaa ya zamani yenye maoni elfu na kuubandika bidhaa mpya, unakuta watu wanasifia mkanda wa begi na wewe unataka lenzi.

YouTube

Hapa ndo vijana wote mnashinda, na sikatai, mimi pia naangalia. Lakini ujue vile inavyokwenda. Kamera ikitoka kampuni inawaalika watu, mara nyengine inawapeleka hoteli nzuri, inawapa kamera siku mbili tatu, na wote wanakubaliana wasitoe video mpaka saa fulani. Ndo maana unaona video kumi na tano zimetoka dakika moja. Mtu wa siku mbili hawezi kukwambia kitu kinachotokea mwezi wa nne. Nikon D600 ilipotoka Septemba 2012 rivyu zilikuwa tamu, baadae wenye kununua wakaanza kuona madoa kwenye picha za anga, yako pale pale kila picha, senzori, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, inachafuka kamera ikizidi kutumika. Oktoba 2013 ikatoka D610 yenye shata mpya, lile pazia linalofunguka kila ukipiga picha, na Februari 2014 Nikon wakatangaza kuzitengeneza D600 bure. Walogundua ni watumiaji.

Na jengine ni hali ya hewa. Canon R5 ilipotoka 2020 ikiwa na video ya 8K, Canon wenyewe walisema inarekodi 8K kama dakika 20 kabla haijapata joto la kuzimika, na hizo dakika walizipima kwenye joto la nyuzi 23. Nyuzi 23! Hapa kwetu nyuzi 23 ni alfajiri ya Julai na mvua imenyesha. Mwezi wa tatu mchana tuko juu ya 30, uko nje Mama Ngina na maharusi, kamera nyeusi inachomwa na jua. Kwa hivyo mtu anayejaribu kamera kwao kwenye baridi na koti amevaa, yeye ni mkweli, ila ukweli wake ni wa kule kwao.

YouTube nitafute nani basi? Anaesema kamera kanunua kwa pesa yake ama kaazimwa na kairudisha, na mwenye video ya pili ya "baada ya mwaka". Hiyo ya pili ina watazamaji kidogo, nayo ndo ya maana.

Namba za maabara

DxOMark ya Ufaransa wanapima senzori, na wanapima kweli, hawabahatishi. Nikon D850 ilipata 100 mwaka 2017 watu wakapiga kelele. Lakini ile namba ni ya senzori peke yake kwa faili za RAW, yaani picha mbichi kabla haijapikwa. Otofokasi haimo, lenzi haimo, wala kama kamera inashikika mkononi. Kama unapiga JPEG, picha ilotoka tayari kwenye kamera, unampa mteja siku hiyo hiyo, nusu ya hesabu zao hazikuhusu.

Rivyu ndefu zenye picha za kupakua

Hapa tumefika kwenye maana. Saiti ya rivyu za kamera ya DPReview iko tangu 1998. Uzuri wao ni mmoja: wanapiga meza ile ile, vitu vile vile, taa ile ile, kwa kila kamera, na wanakupa faili zima uangalie mwenyewe. Hapo humwamini mtu, unaamini macho yako. Utaniambia mbona DPReview ilikuwa chini ya Amazon tangu 2007, duka linalouza kamera hizo hizo. Kweli, na 2023 Amazon walitangaza kuifunga kabisa, mpaka Gear Patrol wakaja wakainunua mwaka huo huo. Lakini faili la picha halina bosi.

Fanya hivi. Chagua ISO (kamera inavyoongezewa nguvu ya kuona gizani) 3200 na 6400, hizo ndo za ukumbini usiku, achana na ISO 100 kila kamera hapo ni nzuri. Vuta mpaka uone nyuzi za nywele. Kisha tafuta picha za watu weusi, manake rivyu nyingi modeli wao ni weupe, na ngozi yetu kwenye mwanga hafifu ndo inayoonesha kama kamera inaweza ama inageuza sura kuwa kijivu. Harusi zetu ni mtihani mgumu kushinda maabara yoyote: bibi harusi kavaa nguo nyeupe inang'ara, pembeni shangazi zake watano na mabuibui meusi tii, taa za ukumbi moja zambarau moja kijani. Otofokasi ikitafuta pa kushika kwenye buibui jeusi inahangaika, inakwenda mbele inarudi nyuma. Hilo hutolipata kwenye jedwali lolote.

Kwa lenzi ongeza Lensrentals wa Marekani. Wao wanakodisha, kwa hivyo wana lenzi moja kwa wingi, wamepima kopi kadhaa, mara nyingi kumi, na wameonesha kuwa kopi hazifanani hata zikitoka kiwanda kimoja. Tena wamezifungua na bisbisi. Ukishaona hivo hutosema tena "lenzi fulani mbovu" kwa sababu rafiki yako alipata mbovu.

Juu kabisa: fundi na mtu mwenye kamera hiyo hiyo hapa hapa

Kuna mzee mmoja fundi, kibanda chake si mbali na Digo Road, nilimpelekea lenzi naona picha zimekuwa na ukungu ukungu. Hakusema kitu, akawasha tochi ya simu akaimulika kutoka nyuma akanipa niangalie. Ndani ya kioo kuna nyuzi nyeupe zimetawanyika kama utando. "Uliiweka wapi?" Kwenye begi la ngozi, kabatini. Akacheka. Unyevu wa pwani na giza, ndo kuvu anavyopenda, na ngozi inashika maji. Sasa zangu zinakaa kwenye deli la plastiki la kufunga kabisa na vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu, na nazitoa kila wiki zione mwanga. Rivyu ngapi nilikuwa nishasoma za lenzi ile? Kumi hazipungui, na hakuna hata moja ilotaja kuvu.

Muulize fundi mambo matatu. Kamera gani zinakuja kwake sana, na zinakuja kwa kosa gani. Spea zake zinapatikana ama zinaagizwa miezi miwili. Na kama ni ya mtumba, shata imepiga ngapi, manake Canon 6D ilikadiriwa mara 100,000 na 5D Mark III 150,000, na mpiga harusi anafika huko haraka. Usimuulize kamera gani nzuri, atakutajia aliyo nayo ya kuuza, naye ni binadamu.

Halafu bei. Bei ya kwenye rivyu ni ya dola na ya kule, hapa ongeza usafiri, ushuru, na VAT ya 16%, ndo ulinganishe na duka la mjini. Mara nyengine la mjini linashinda na warantii juu.

Mpwa wangu nikamwambia kabla hujalipa, kodi hiyo ya 84 siku moja, nenda nayo ufuoni Pirates Jumapili saa nane mchana, upige kama unavyotaka kupiga. Kaenda. Jioni kanitumia picha mia na kitu, nzuri tu, halafu chini yake: "mjomba mkono unatoka jasho hii kitu inateleza, nusra iingie baharini".