Kliniki ya ngozi Tabora: wanatazama kidonda kabla ya kuchota damu

Mgonjwa anayefika kliniki hii binafsi ya Tabora mjini akiambiwa ana "jasho la damu" mara nyingi hubeba bahasha nene ya majibu ya maabara. Daktari huiweka pembeni na kuomba kuona ngozi kwanza, ajue kama damu inatoka yenyewe au ni vidonda vya kujichokonoa kwa kucha. Kwa hilo peke yake tunaipa alama ya juu.

Vidonda vya kujichokonoa (si kujichubua kwa krimu) vina kingo kali au mistari, na umri wao hutofautiana: kibichi hapa, kigaga pale, kovu pembeni. Hukaa mkono unapofika. Katikati ya mgongo, mkono usipofika, ngozi ni safi. Jasho la damu la kweli, hematidrosisi, ni nadra mno, na damu hutoka kwenye ngozi isiyo na jeraha. Kwa hiyo eneo hufutwa kwa pamba yenye maji, daktari akakaa anatazama. Ikichuruzika tena, tone huenda kwenye hadubini.

Kisha sehemu ya ngozi yenye vidonda hufungwa bendeji kwa wiki 1 hadi 2, kingo zikapigwa mstari wa kalamu. Vidonda vikipona chini yake huku vipya vikitokea nje, jibu limekaribia. Tunachokipenda zaidi ni maneno: bendeji inaelezwa kama tiba, si mtego. Hakuna anayeambiwa "unajifanyia". Huulizwa, "Mama, mkono huwa unakwenda wapi ukikaa peke yako na mawazo?" Wengi huchokonoa bila kujijua, na tangu 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili, DSM-5, unaitaja hali hiyo kama ugonjwa unaojitegemea.

Upungufu wa kliniki uko kwenye vipimo vya damu. Kuhesabu chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda (kawaida 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita), hakusumbui, ila PT na APTT, vipimo vya muda wa damu kuganda, vinataka chupa ya kifuniko cha buluu ijae hadi mstari, damu sehemu 9 kwa sehemu 1 ya sitrati, dawa inayozuia damu isigande chupani. Ikijaa nusu, sitrati huzidi na damu huonekana inachelewa kuganda, hata kwa mtu mzima wa afya. APTT inatakiwa kupimwa ndani ya saa 4, hivyo sampuli inayosafirishwa kwa treni kutoka Kigoma haina maana. Mgonjwa achotwe damu palepale Tabora. Kliniki ingesema hivyo kwenye simu, watu wangeokoa nauli.

Mshauri wa tabia hayupo. Unapewa barua ya rufaa. Wakati unasubiri: kata kucha, paka vaselini, bandika plasta, andika saa na mahali mkono ulipoanza, na hamu ikija kunja ngumi kwa dakika 1 hivi.

Nenda bila mafuta mwilini, na orodha ya dawa zote, hasa aspirini na ibuprofeni. Damu ikitoka puani au kwenye fizi mara kwa mara, hedhi ikiwa nzito, au viungo vikivimba, sema mapema: hapo vipimo vya kuganda kwa damu haviepukiki, hata kama alama za kucha zinaonekana.