Picha za Terry O'Neill zenye sahihi: ipi ununue kwanza

Kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji: toleo hili limechapwa kwa saizi ngapi? Terry O'Neill, mpiga picha Mwingereza aliyeanzia gazeti la Daily Sketch na kufariki Novemba 2019, matoleo yake mengi ni ya nakala 50, lakini 50 kwa kila saizi. Picha moja ikichapwa kwa saizi tano, tayari ziko 250, mbali na zile chache ambazo wapiga picha hujiwekea wenyewe. Sheria ya VAT ya Umoja wa Ulaya ni kali kuliko maduka: ili picha ihesabiwe kazi ya sanaa, lazima iwe na sahihi na namba, na nakala za saizi zote kwa jumla zisizidi 30.

Ya kwanza kwangu ni nakala aliyoisaini akiwa hai, kwa kalamu, kwenye ukingo mweupe. Wengi wanaitaka ya mwigizaji Faye Dunaway kando ya bwawa la Beverly Hills Hotel, asubuhi ya 29 Machi 1977, tuzo ya Oscar mezani na magazeti yametapakaa sakafuni. Ndiyo maana ni ghali. Mfuko ukigoma, tafuta picha isiyovuma sana lakini yenye sahihi. Ni afadhali kuliko Dunaway isiyo nayo.

Ya pili ni nakala ya zamani iliyochapwa kwa ajili ya magazeti, yenye mihuri na maelezo nyuma. Mara nyingi haina sahihi na kona zimekunjika. Nikiri upendeleo: alama za mhariri alizochora akipunguza picha hunivutia kuliko ukingo safi.

Ya tatu, zile zilizochapwa baada ya kifo chake, zenye mhuri wa wasimamizi wa kazi zake. Uchapaji mzuri, ila usilipe bei ya sahihi.

Bango ni pambo la ukuta tu.

Cheti cha uhalisi peke yake hakitoshi. Namba yake ilingane na iliyoandikwa kwenye picha, na uombe kuonyeshwa pande zote mbili, ukingo mzima ukionekana. Ukiagiza kutoka London, iletwe bila fremu, kwani kioo kikivunjika njiani kitaikwaruza. Fundi wako wa fremu naye mwonye mapema: asiigundishe kwenye ubao, wala asiifunike sahihi.