Saa ya kuonyesha sukari: tazama dakika kwanza, namba baadaye

Mwezi uliopita mwanangu aliketi chini katikati ya uwanja wa shule hapa Mtwara, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Ana miaka 11 na ana kisukari aina ya kwanza. Mwalimu wake, mtu mwema kabisa, akamshika mkono akaitazama saa yake ya kuonyesha sukari. 7.2, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Akamwambia, "Mbona uko sawa, kapumzike kivulini." Mtoto akakataa, akasema mwili wake anaujua, apimwe kidoleni. Kidole kikatoa 3.1, sukari imeshuka mno. Wakamkorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, akanywa, baada ya robo saa akarudi kuwa yeye.

Saa ilikuwa nzima. Simu ndiyo ilikuwa imefungiwa ofisini kwa walimu, Bluetooth imekatika, na ile 7.2 ilikuwa ya dakika arobaini nyuma. Iliendelea kusimama pale, kubwa, nyeupe, kama imefika sasa hivi. Tangu siku hiyo mzazi mwenzangu akiniuliza anunue saa gani simuulizi bei wala ukubwa wa kioo. Namuuliza: hiyo namba, inakuonyesha ina dakika ngapi?

Wengi hawalijui hili kwa sababu wanadhani saa inapima. Saa haipimi sukari. Kinachopima ni kihisi, kile kidude cha kubandika nyuma ya mkono, na chenyewe husoma majimaji ya chini ya ngozi, si damu. Sukari ikishuka haraka, kidole kinajua dakika kadhaa kabla ya kihisi. Juu ya uchelewaji huo uongeze wa simu, kisha wa saa. Saa isiyokuambia umri wa namba inakuficha jambo linaloweza kumwangusha mtoto.

Namba moja kwangu ni Samsung Galaxy Watch, na sifichi kwamba naipendelea. Chukua Watch5 ya milimita 44. Betri yake ni 410 mAh wakati Watch4 ya ukubwa huo ina 361, na kwa jinsi umeme unavyotukatikia, tofauti hiyo utaiona. Sisi tunatumia kihisi cha FreeStyle Libre 2, cha siku 14, ambacho mjomba wake aliyeko Muscat hututumia. Kwenye saa sasa tumeweka Juggluco, programu inayoiwezesha saa kuongea na kihisi moja kwa moja. Simu ibaki ofisini, ibaki nyumbani, saa inaendelea. Intaneti haihitajiki. Tukienda Newala kwa bibi yake, mtandao ukikata njiani, mimi sina wasiwasi. Naiona sukari ya ming'oko ya bibi, vile viazi pori, ikipanda kwenye mstari wa saa pale pale mezani. Anayetumia simu kama daraja kati ya kihisi na saa aweke xDrip+, maana inaandika dakika zilizopita tangu kipimo cha mwisho. Programu hizi mbili zimetengenezwa na watu wa kujitolea, si kampuni za vihisi, kwa hiyo kabla ya kuchoma insulini sisi tunapima kidole.

Nambari mbili ni Apple Watch pamoja na kihisi cha Dexcom G7. Tangu Juni 2024 Dexcom walianza, kwa Marekani, kuruhusu kihisi hicho kitume moja kwa moja kwenye saa, kuanzia toleo la Series 6. Kwa kazi hii ni nzuri sana. Ila lazima uwe na iPhone, na chaji ambayo Apple wenyewe wanaitaja kwa wengi wa matoleo hayo ni saa 18. Ikiisha saa tisa usiku ndipo hasa unapoihitaji.

Garmin naiweka ya tatu. Chaji inakaa siku nyingi, hilo nalisifu, lakini programu rasmi ya Dexcom kule inategemea intaneti, na uso wa saa, ile sura ya mbele unayoitazama, hauruhusiwi kujichotea data wenyewe mara nyingi zaidi ya kila dakika tano. Kwa mtu mzima anayejua dalili zake, sawa. Kwa mtoto, hapana.

Bangili za bei ndogo zinazoletewa kengele kutoka kwenye simu zinasaidia kidogo, basi.

Sasa wauzaji. Mimi niliagiza Watch4 Dar, imetumika, nikatuma laki mbili na themanini. Basi likaleta Galaxy Watch Active2. Nikapiga simu, nikajibiwa, "Dada, ni ile ile tu, Samsung ni Samsung." Si ile ile! Active2 na Watch3 zinatumia mfumo wa Tizen. Programu nilizotaja zinataka mfumo mwingine, Wear OS, na kwa Samsung Wear OS imeanza na Watch4, mwaka 2021. Fungua mipangilio usome kabla hujatoa hela. Na ujue kuwa kuanzia Watch4 hazikubali iPhone. Kihisi nacho kikague hivyo hivyo: Libre ya kwanza kabisa haina Bluetooth, ni ya kugusisha simu, haitaongea na saa hizi moja kwa moja.

Wabaya zaidi ni wanaouza saa "inayopima sukari bila kuchoma". Zimejaa. Nilinunua moja kwa elfu sitini na tano, nikaifunga kwenye muhogo mbichi jikoni kwangu, ikaandika 5.4. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya tarehe 21 Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete hata moja ya namna hiyo. Mtu anaichukua hela ya mama mwenye mgonjwa, anampa namba ya kubuni, na mama anachoma insulini kwa namba hiyo. Nakasirika kila nikipita pale sokoni.

Ukishaipata saa yako, ijaribu mwenyewe mtoto akiwa karibu nawe. Zima Bluetooth ya simu, subiri dakika kumi na tano, tazama mkononi. Ikiwa namba imesimama ile ile bila kukuambia imezeeka, badilisha uso wa saa au programu. Ukishindwa, irudishe dukani siku hiyo hiyo, na risiti.