Vifaa vya lapbuku hapa Kisumu: nunua hivi, vile vingine viache dukani

Nianze na jibu kwa wale wako haraka. Chukua faili ya manila ya kawaida, ile ya ofisini rangi ya kaki, na gundi ya fimbo iliyo nzuri. Hizo mbili zikiwa sawa lapbuku itatoka poa, zingine zote ni mapambo. Nasomesha wawili nyumbani, mmoja gredi ya 2 na mwingine gredi ya 5, na hii ndo njia ya kusoma ambayo wote wawili wanaipenda bila kusukumwa, kwa hivyo vifaa vyake navinunua mara kwa mara na nimeona vinavyodumu na vinavyoachana baada ya wiki.

Kwa wale hawajawahi kuona, lapbuku ni faili tu, unaifungua, unakunja pande zote mbili ziingie ndani zikutane katikati kama milango ya kabati, halafu huko ndani unabandika vijitabu vidogo vya kukunja, kila kimoja na jambo lake. Mtoto akimaliza mada anaiweka mapajani anafungua anakueleza kila kitu mwenyewe. Aki ukimsikia anaeleza unajua kama ameelewa ama alikuwa ananakili tu.

Duka ninaloenda ni la vitabu, liko mjini si mbali na Oginga Odinga Street. Kaunta yao iko na foleni lakini kijana anayehudumu anajua karatasi, na hiyo ndo sababu narudi. Siku ya kwanza nilikuwa nataka zile faili za rangi, pinki na bluu, si unajua watoto. Akachukua moja ya rangi na moja ya kaki akakunja pembe ya kila moja mbele yangu, akaniambia, "Mama, kama ni ya kukunja chukua hii, hiyo ingine itavunjika." Na kweli ile ya rangi ilikuwa imeshafanya mstari mweupe pale kwa mkunjo, karatasi imeanza kupasuka. Ya kaki ilikunjika safi. Nilinunua kwa shilingi 20 moja, na zile za mwanzo bado zinafunguliwa na kufungwa hadi leo. Usichukue faili ya springi wala yenye chuma cha kushikia karatasi, hiyo chuma itakaa katikati ya kazi yote na huwezi bandika kitu hapo.

Kabla ya kukunja manila weka rula pale unataka mkunjo na upitishe mgongo wa kijiko ukikandamiza, mara mbili tatu hivi, ndo ukunje. Mkunjo unanyooka na faili haifuri ikijaa vijitabu.

Sasa gundi. Hapa watu wanapoteza pesa sana. Gundi nyeupe ya maji ni nzuri kwa mbao na kwa makadibodi lakini kwa karatasi ya kuprintia hapana, karatasi inakunywa yale maji nyuzi zake zinavimba inajikunja, na ukichanganya na jua la Kisumu kijitabu kinakauka kimepinda na hakilali tena. Gundi ya fimbo haina hiyo shida. Lakini fimbo za bei ya chini kabisa zinatoa madonge na zikikauka kitu kinabanduka, sanasana kwa faili ya manila yenye uso laini. Nunua ile ya bei ya katikati, ufunge kifuniko kila wakati mtoto akimaliza, usiiache kwa dirisha. Kwa kile kijitabu kizito kabisa weka stepla nyuma kabla ya kubandika.

Huduma ya kuprinti ndo nitaipa alama ya chini, na hapa sitaji saiba yoyote (yale maduka ya kompyuta na kuprinti) kwa sababu nimeona hii shida zaidi ya mahali pamoja. Unadaunlodi templeti ya bure kwa mtandao, unapeleka, inatoka, unajaribu kukunja na mistari haikutani. Ukiuliza wanakwambia ni faili yako iko na shida. Ukweli ni kwamba templeti nyingi ni za Marekani na zimepangwa kwa karatasi yao ya Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279, na sisi tunatumia A4 ya milimita 210 kwa 297. Kwa hivyo yao ni pana kidogo na fupi, na mashine ikiifinya iingie kwa A4 vile visanduku vinabaki vidogo na pembeni kunabaki utepe mtupu. Mwenye saiba angekuwa anaangalia kabla ya kubonyeza mteja asingelipia karatasi za kutupa, na za rangi si bei rahisi. Na hata zikitoka sawa, ndani utapata theluji na majimbo ya Marekani, na mtoto wako amekaa hapa Nyalenda anatoka nje anaona ziwa.

Ndo maana siku hizi naprinti ramani peke yake, nyeusi kwa nyeupe, zingine tunakunja karatasi tupu. Kijitabu cha kurasa 8 hakihitaji templeti. Kunja A4 nusu kwa urefu, ufungue, kunja nusu kwa upana, kunja tena nusu, ufungue upate visanduku 8. Rudisha ule mkunjo wa kwanza wa upana, kata kutoka upande wa mkunjo ukifuata mstari wa katikati, simama unapofika mkunjo unaofuata. Fungua, kunja kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane, katikati itafunguka, zungusha kurasa. Kila ukurasa unatoka karibu milimita 74 kwa 105, na hujaweka gundi hata tone.

Tulifanya lapbuku ya Ziwa Victoria na ndo nzuri kuliko zote tumewahi kufanya. Wa gredi ya 2 alifanya kijitabu cha samaki, omena, ngege, mbuta, fulu na kamongo, nje ni picha amechora mwenyewe ukifunua chini kuna sentensi yake. Kwa kamongo aliandika "anapumua hewa" na kwa mbuta tukaandika aliletwa ziwani miaka ya 1950 na akala fulu wengi sana. Wa gredi ya 5 alifanya duara ya kugawa ziwa, Kenya tuko na takriban asilimia 6, Uganda 45, Tanzania 49, akatoa protrakta akapiga hesabu Kenya ni kama digrii 22 tu. Alipopaka rangi kale kasehemu alinyamaza halafu akauliza, "Mami, yetu ni hii tu?" Tukaongea jioni yote juu ya mipaka na wavuvi, na hiyo hakuna templeti ingetuletea.

Vitu vidogo vidogo: utepe wa kufungia lapbuku naomba vipande kwa mafundi wa nguo Kibuye, wananiuzia fungu kwa bei ya mchezo. Makasi ya watoto ya plastiki usinunue, manila yanaitafuna haikatiki. Nunua makasi moja ya chuma yenye ncha butu watumie kwa zamu. Zile stika za kumetameta sina neno nazo, wako radhi kuzibandika lakini zikizidi hawaandiki.

Kwa jumla duka naipa 4 kwa 5, faili ya kaki 5 bila kufikiria mara mbili, kuprinti 2. Ile moja niliyopunguzia duka ni ya Januari shule zikifunguliwa, faili za kaki zinaisha, kaunta inajaa, na yule kijana hana nafasi ya kukukunjia pembe ya kitu chochote. Enda Novemba ununue dazeni mbili uweke.