Leva ya gia inacheza: bushi tu au kebo nzima?

Kwenye Corolla ya gia za mkono inayovutwa na magurudumu ya mbele, leva haikamati giaboksi moja kwa moja. Kazi hiyo hufanywa na kebo mbili: moja huchagua upande, nyingine huingiza gia. Nchani mwa kebo kuna bushi, yaani pete ndogo za mpira au plastiki, na mara nyingi mchezo huanzia hapo.

Bushi ni za bei ndogo, na kuzipima ni rahisi. Zima injini, fungua boneti, mwambie mtu atikise leva huku wewe ukiangalia upande wa giaboksi. Ukiona jicho la kebo linatembea kwanza, ndipo mkono wa giaboksi unafuata, bushi imekwisha. Ukiichomoa itatoka vipande vipande. Kuna mafundi wanaojaza ile nafasi kwa mpira wa tyubu na waya; itakufikisha nyumbani, basi.

Kebo nzima ni gharama nyingine, na lazima ufungue lile kasha la katikati ya viti. Lakini kama leva ni nzito au inakwama, au ganda la kebo limeyeyuka karibu na ekzosi, bushi mpya hazitakusaidia kitu. Kebo ya mtumba siipendi, maana kutu ya ndani huioni dukani.

Mimi ningeanza na bushi, pamoja na zile za chini ya leva ambazo wengi huzisahau. Ikiwa leva imekaza vizuri na gia bado zinakwaruza, acha zote mbili, ukakague klachi.