Gari la kifahari la spoti linarusha? Nunua hivi, kwa mpangilio huu

Mtu akilalamika kwamba gari lake la spoti linamtikisa mpaka mgongo unauma, ushauri anaopewa haraka ni mmoja: badilisha shokapu. Mimi nasema bado. Katika magari haya ugumu mwingi unaousikia kitini na kwenye usukani unaanzia chini kabisa, kwenye tairi na rimu, na ndiko pesa yako inakotakiwa kwenda kwanza. Shokapu zina zamu yake, springi zina zamu yake, na kuna vitu vinauzwa kwa jina la starehe wakati vinaongeza ugumu.

Kabla ya kununua chochote, fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha upepo. Magari mengi yana vipimo viwili, kimoja cha mzigo mdogo na kingine cha gari lililojaa watu na mizigo. Wajaza upepo wengi hawasomi. Wanajaza kwa mazoea, na gari linalobeba mtu mmoja linatembea na upepo wa watu watano. Pima tairi zikiwa baridi, kabla gari halijatembea. Usishuke chini ya kibandiko kwa kutafuta ulaini, maana tairi lenye upepo mdogo linapata joto, linalika pembeni, na likiingia shimoni rimu ndiyo inayopokea pigo. Angalia na umri wa tairi: tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT, ule unaoanza na herufi hizo ubavuni mwa tairi, zikisomeka 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira ukizeeka unakakamaa hata kama haujalika.

Nafasi ya kwanza: rimu ndogo zaidi na tairi nene

Hakuna kitu kingine kinachobadilisha gari kiasi hiki. Chukua tairi la 255/35R19. Ile 255 ni upana kwa milimita, 35 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 19 ni rimu kwa inchi, kwa hiyo ubavu wake una milimita 89 tu. Ukishuka hadi 225/45R18 unapata 101, na 225/50R17 inakupa 112. Kimo cha tairi zima hakibadiliki sana: takriban milimita 661, 660 na 657. Kwa hiyo spidomita haipotoki kwa kiasi cha kukusumbua, lakini kati ya rimu na barabara umeongeza zaidi ya sentimita mbili za mpira na hewa. Ukichagua rimu nyepesi unapata faida ya pili, kwa sababu gurudumu zito likirushwa na tuta ni gumu kutulizwa, hata na shokapu nzuri.

Uangalifu unahitajika kwenye vipimo. Idadi na mpangilio wa matundu ya nati, tundu la katikati, na namba ya ET (umbali wa uso wa rimu unaofungwa kwenye gari kutoka katikati ya upana wake) vyote vilingane na gari lako. Namba ya mzigo na herufi ya mwendo kwenye tairi zisiwe chini ya zile alizotaja mtengenezaji. Kama gari linavuta kwa magurudumu yote manne, kimo cha tairi za mbele na za nyuma lazima kibaki na uwiano uleule wa kiwandani, la sivyo unaitesa gia. Kikwazo kikubwa zaidi ni breki. Magari ya spoti yana kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki) kubwa, hasa mbele, na rimu ya inchi 17 inaweza isiingie kabisa. Mwombe muuzaji afunge rimu tupu, bila tairi, gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa kwa jeki. Izungushe kwa mkono mzunguko mzima huku ukichungulia nafasi kati ya kalipa na rimu. Kisha geuza usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uangalie kama kuna kitu kinakaribia kugusa. Muuzaji anayekataa jaribio hili mwache.

Nafasi ya pili: kuachana na ranfleti

Ranfleti ni yale matairi yanayoendelea kutembea hata upepo ukiisha, kwa kawaida kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Yanaweza hivyo kwa sababu ubavu wake umeimarishwa kwa mpira mnene ili ubebe gari bila hewa. Ubavu huohuo ndio unaokugonga kwenye kila kiungo cha lami. Ukifunga matairi ya kawaida ya saizi ileile unasikia tofauti siku hiyohiyo.

Gharama yake si ya pesa peke yake. Magari mengi yaliyotoka kiwandani na ranfleti hayana tairi la akiba, wala nafasi ya kuliweka. Kwa hiyo kwenye bajeti ongeza kompresa ndogo na dawa ya kuziba pancha, na ujue kwamba ubavu ukichanika dawa haitakusaidia. Anayesafiri usiku kwenye njia zisizo na watu ana haki kabisa ya kubaki na ranfleti, nami sitamshawishi abadilishe. Anayebadilisha abadilishe yote manne. Usichanganye aina mbili. Na kama tairi zako zinakaribia kwisha, fanya nafasi ya kwanza na ya pili kwa mpigo mmoja.

Nafasi ya tatu: shokapu, bushi na maunti

Hapa ndipo shokapu inapoingia, na haiji peke yake. Gari linalogonga kwenye vijishimo vidogo mara nyingi lina bushi (mipira ya kwenye viungo vya mikono inayoshika magurudumu) zilizopasuka au maunti ya juu (kishikio kinachofunga shokapu kwenye bodi) iliyolegea, na shokapu mpya ukiifunga kwenye maunti mbovu umetupa pesa. Nunua bushi za mpira kama za kiwandani. Zile za poliyurethani zinasifiwa kwa kudumu, lakini ni ngumu zaidi na zinapitisha mtetemo mwingi ndani.

Wakati wa kufunga, simama hapo uangalie jambo moja. Nati za mikono inayobeba bushi zikazwe kwa nguvu ya mwisho gari likiwa limekalia uzito wake, wala si likining'inia kwenye jeki. Zikikazwa huku magurudumu yananing'inia, bushi inabaki imejipinda kila gari linaposimama chini, inakuwa ngumu na kuchanika mapema. Mafundi wengi wanajua hili lakini wanaruka kwa sababu ya haraka.

Kwa shokapu zenyewe, chaguo langu la starehe ni Koni Special Active. Ina vali inayoachia mafuta yapite kirahisi gurudumu linapotikisika harakaharaka, na inabana mwili wa gari unapoyumba polepole, kwa hiyo gari linalainika bila kulewa kwenye kona. Bilstein B4 ni mbadala wa zile za kawaida, nayo ni sawa. Ukiletewa B6 au B8 rudisha: ya kwanza ni ya spoti kwa springi za kimo cha kawaida, ya pili imefupishwa kwa gari lililoshushwa. Kama gari lako lina shokapu za umeme, zile zinazobadilishwa ugumu kwa kitufe, nunua za umeme. Ukifunga za kawaida taa ya onyo itawaka na kitufe cha starehe hakitakuwa na kazi. Nunua mbili za ekseli moja, na stopa mpya za mpira, zile zinazozuia shokapu isigonge mwisho wake.

Zinazofuata, kwa ufupi

Ya nne ni springi za kawaida za modeli yako, zile za toleo lisilo la spoti, zikienda pamoja na shokapu za toleo hilohilo. Gari litapanda kidogo. Agiza kwa namba ya chesisi, maana uzito wa injini hubadilisha springi, kisha fanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu.

Ya tano ni kuliwekea gari shokapu za umeme ambazo halikuja nazo. Kuna nyaya, sensa, kompyuta na programu; kwa wengi haifai.

Usinunue kabisa springi za kushusha gari: gari linakalia stopa zake, na hapo hakuna shokapu ya kukuokoa. Usikate springi. Vile vipande vya mpira vinavyochomekwa katikati ya springi navyo viache, maana vinazuia springi isibonyee, yaani vinaifanya iwe ngumu zaidi.

Kama gari bado hujalinunua, tafuta toleo lenye rimu ndogo na springi za kawaida, mwonekano wa spoti uje kwa bampa na viti. Siku ya kulijaribu pima upepo kwanza, weka hali ya starehe kama ipo, kisha liendeshe polepole kwenye barabara mbovu. Mwendo wa taratibu kwenye lami iliyochakaa ndio unaofichua ugumu wa tairi kuliko barabara kuu.