Uanachama wa maisha umeisha miezi 14

Nyota moja, na ni kwa vile masomo yenyewe yalikuwa mazuri kweli. Mimi natembeza wageni hapa Malindi na huku ukijua Kitaliano unapata kazi, basi nikalipa 6,500 kwa Mpesa kwa hii websaiti ya kufundisha lugha, wakasema uanachama wa maisha, unalipa mara moja tu yamekwisha. Miezi 14 baadae akaunti imefungwa, eti sasa hata wa zamani tulipe kila mwezi. Imeniuma wallahi.

Jamani sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji ya 2012 inamtaka anaeuza kwa intaneti akueleze bei na masharti kabla hujakubali na akupe nakala ya maandishi, mimi sikupewa kitu. Na hilo neno maisha wangelieleza wazi, ni maisha yangu ama ya websaiti, na wakifunga pesa inarudi vipi? Imeli tatu, kimya. Risiti ninayo na skrinshoti ya tangazo ninayo, naenda korti ya madai madogo, wanasikiliza mpaka milioni 1 na wakili si lazima.